Maji ya Mkiani

Wengi mmenitumia ujumbe kuuliza kama mke wangu alirudi. Hakurudi. Wala godoro alilolibeba hakulirudisha, na hivi ninavyowaandikia mgongo unaniuma.

Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa ufupi, maana nikianza kulia hatutamaliza. Mimi ni Uweis, mlinda malango ya mfereji wa Ezbet Zanati, huku Fayoum, Misri. Mwaka huu maji yamepungua. Ofisi ya umwagiliaji ikalipangia kila shamba kipimo chake, ikanikabidhi makufuli na funguo. Anayezidisha, namfungia lango zamu moja. Anayeiba, namfungia msimu mzima. Nikafunga la kwanza, nikafunga la pili, la tatu likawa la Metwalli, kaka wa mke wangu. Kijiji kikaninunia.

Galila, mke wangu, alivumilia mpaka siku wanawake wenzake walipomwambia asipeleke tena unga wake kwenye tanuri lao la mikate. Siku hiyo akaniambia, "Chagua. Mimi au hizo funguo." Nikadhani ni hasira za kupita, nikaenda zangu kuangalia lango la juu. Niliporudi nilikuta mkeka na kuta.

Haya, tuendelee.

Watu wanadhani kununiwa ni kutukanwa. Heri kutukanwa, ndugu zangu! Anayekutukana amekuona.

Nilikwenda kwa kinyozi. Kiti kitupu, kinyozi mwenyewe amekaa anajipepea.

"Kiti kina mtu," akasema.

"Nani?"

"Anakuja."

Nikangoja. Aliyekuja ni nzi. Akatua kitini, kinyozi akamwacha akae.

Salamu je? Mnajua dini yetu, ukisalimiwa lazima uitikie. Wakagundua ujanja. Wakiniona kwa mbali wanageuza punda kabla sijafika. Siku moja mzee mzima mwenye mvi zake alijitosa kwenye mahindi ya watu, yeye na punda na mzigo wa majani, ili tu asikutane na "salaam aleikum" yangu. Nikasimama njiani nasikia mahindi yanavunjika. Nilitaka kucheka, nikaona machozi yananitoka.

Nyumbani nikaanza kujisalimia mwenyewe. Nafika mlangoni nasema, "Salaam aleikum." Halafu najijibu, "Waleikum salaam, Uweis, habari za huko?" "Nzuri, bwana, nimechoka tu." "Pole, ingia ule." Naingia, hakuna cha kula.

Msinicheke. Kaeni na ninyi wiki nzima bila mtu kutaja jina lenu, halafu mje tuongee.

Mtu mmoja tu alibaki. Mama Rawya.

Huyu ni mjane, shamba lake ndilo la mwisho kabisa kwenye mtaro wetu unaotoka mferejini. Tangu enzi za babu zetu, lango la juu likishafungwa, maji yaliyobaki mtaroni ni ya mtu wa mwisho. Hayaingii kwenye hesabu ya mtu. Tunayaita maji ya mkia, na ni haki yake kwa kuwa anakunywa baada ya watu wote. Ukitaka kugombana na Ezbet Zanati nzima, gusa mkia wa mtu.

Mwaka huu tuliugusa. Mhandisi Wagdi wa ofisini alileta mafundi, mtaro wa udongo ukapigwa sementi. Kisha akaamuru niwahi kufunga lango, ili hata kinachobaki mtaroni kihesabiwe kwenye kipimo cha mtu. "Hakuna tone litakalopotea tena, Bwana Uweis," alisema, na alikuwa na furaha ya kweli. Ni kijana mzuri. Hakujua kwamba tone lile lililokuwa likipotea lilikuwa likipotelea kwa mjane.

Mimi nilijua. Nikafunga hivyo hivyo, kwa sababu kazi ni kazi.

Na bado Mama Rawya ndiye aliyenisalimia! Kila alasiri nikipita, anapaza sauti kutoka kwenye kibanda chake cha mabua.

"We Uweis! Unapita kama mwizi, bila salamu?"

"Salaam aleikum, Mama Rawya."

"Waleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh! Njoo, chai ishaiva. Leo umeanzia wapi?"

"Leo nimeanzia chini."

"Maskini miguu yako. Na kesho?"

"Kesho naanzia juu, huku nitafika jua likishapoa."

Nikawa namweleza njia yangu yote, lango hadi lango, na wapi nitapumzika, na wapi mbwa ni mkali. Mtu asiyeulizwa na yeyote, akiulizwa, hujibu hadi asichoulizwa. Nilikuwa naondoka pale nimejaa kama niliyetoka harusini.

Basi, juzi mchana nipo ndani najishonea kanzu, mlango ukagongwa. Nikaruka! Sindano ikanichoma, sikujali.

Alikuwa Metwalli.

"Salaam aleikum, shemeji," akasema. Shemeji! Mtu ambaye mwezi mzima alikuwa akitema mate nikipita.

Nikamkaribisha mkekani. Nikamtengenezea chai, nikajaza sukari kama anavyopenda. Gilasi akaiweka mbele yake, hakuigusa. Hapo nikajua. Kwetu mgeni mwenye haja hanywi mpaka ukubali haja yake. Ukikataa, anaondoka, unabaki na gilasi iliyojaa na aibu yako.

"Kunywa chai, Metwalli."

"Chai ipo. Galila hajambo."

"Anakula?"

"Anakula, analala, na ananinunia mimi pia. Dada yangu akinuna, nyumba nzima inakula kimya kimya. Njoo umchukue, bwana, mimi nimechoka."

"Nitakuja hata sasa hivi."

"Huna haja ya kuja. Jioni namleta mwenyewe. Na nitakuja na watu. Kinyozi atakuja, imamu atakuja, wazee watakuja. Watakunywa chai hapa hapa kwenye huu mkeka wako mbovu. Yaishe."

Msidhani sikuyaona hayo aliyoyasema. Niliyaona yote. Niliwaona watu wamejaa ndani, viatu vimerundikana mlangoni, Galila anagombana na mimi kwa kuwa sukari haitoshi.

"Na wewe unataka nini?" nikauliza.

"Alasiri moja."

"Alasiri moja ya nini?"

"Lango wazi. Kitalu changu cha mpunga kinakauka, Uweis. Alasiri moja tu, wewe nenda kalale, funguo zisahau langoni. Kila mtu husahau."

"Mpunga wenyewe mwaka huu umekatazwa."

"Basi ndiyo maana nakuomba wewe, simwombi mhandisi!"

Nikamwambia ukweli. Mtaro wetu umefungwa tangu Ijumaa, ni zamu ya mtaro wa pili. Nikimfungulia leo, yale maji yatakatwa kwenye zamu yetu ijayo, na yakipungua, wa kukosa ni yule yule wa mwisho. Nyanya za Mama Rawya ndiyo kwanza zinaanza kuiva. Zikikosa zamu moja kwa jua hili, zimekwisha, na yeye amekwisha, maana hana kingine.

"Mama Rawya!" Metwalli akacheka kicheko kibaya. "Kwa hiyo dada yangu abaki kwangu kwa ajili ya Mama Rawya?"

"Kwa ajili ya kipimo. Sheria ni msumeno, shemeji."

"Msumeno unakata mbele na nyuma, ndivyo wanavyosema. Wa kwako unakata sisi tu." Akasimama. "Hebu nikuulize. Mkiani huko unakoshinda kila siku, umewahi kupaangalia kwa macho, au unapaangalia kwa chai?"

Akatoka. Gilasi ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

Nilikaa nikiitazama. Nimekataa mke, nimekataa kijiji, nimekataa hata kinyozi, na nywele zimeshafika masikioni. Nikasema hapana, hapa ndani nitakufa kwa kimya. Siku hiyo nilipaswa kuanzia juu, lakini miguu ikanipeleka chini, kwa mtu pekee atakayetaja jina langu.

Jua lilikuwa bado kali. Mama Rawya aliponiona akashtuka kidogo, akajifuta mikono.

"We Uweis! Si ulisema leo unaanzia juu?"

"Nimebadilisha. Metwalli amenivuruga kichwa."

"Kaa basi, kaa. Chai bado, lakini kaa hapa hapa kivulini, usizunguke juani."

Nikakaa. Nikamsimulia yote. Akasikiliza huku akichochea moto, akasema "pole" panapostahili pole, akamtukana Metwalli panapostahili tusi. Akanipa chai. Nikanyoosha miguu upande wa nyanya zake, kisigino kikazama kwenye tope.

Nikafurahi! Naapa, cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mkia umemfikia. Maisha yangu yote nimeona tope shambani kwa wa mwisho baada ya lango kufungwa, na maisha yangu yote jibu lake lilikuwa moja. Mkia umemfikia. Nikanywa chai mafunda mawili nikiwa na raha zangu.

La tatu likanikwama kooni.

Mkia upi? Mkia si tumeukata? Na mtaro wetu si mkavu tangu Ijumaa, sementi yake unaweza kuanikia mikate?

Nikaweka gilasi chini, nikasimama. "Uweis, chai yako inapoa," akasema Mama Rawya. Nikafuata tope. Likaniongoza katikati ya matuta hadi kwenye majani makavu, chini ya majani pakawa na mpira wa maji, mpira ukapanda ukingo wa mfereji mkubwa unaopita nyuma ya shamba, ambao haukauki, ukaingia kwenye rundo la mabua ya mahindi. Nikayavuta mabua. Pampu. Nikaigusa, ilikuwa ya moto.

Alikuwa ameizima aliponiona nakuja.

Nilirudi kibandani. Sikuwa na hasira, nisiwadanganye. Nilikuwa na baridi, mchana ule wa jua kali.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mlipokata mkia." Hata hakubabaika. "Ulitaka nyanya zinywe nini, machozi yangu?"

"Ungekuja kusema ofisini."

"Nilikwenda. Walinipa kiti, wakanipa maji ya kunywa, wakaniambia sementi ni kwa faida yangu."

Nilikuwa na swali moja tu, na niliogopa kuliuliza.

"Na zile salamu, Mama Rawya?"

Akageuza uso kwenye birika.

"'Leo umeanzia wapi, kesho unaanzia wapi.' Ulikuwa unanilinda mimi, mlinzi?"

"Nilihitaji kujua uko wapi."

"Siku zote?"

"Mwanzoni siku zote."

"Na baadaye?"

Akachochea moto. "Baadaye nilikupikia chai hata siku ambazo pampu haina mafuta."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanye nini kikiwa kinakupikia na chai. Nilisimama pale, mtu mzima, sijui nimkamate au nimshukuru.

"Haya, funga," akasema. "Lango langu ndilo la mwisho, hutatembea mbali. Lakini maliza kwanza chai, nimeitilia sukari ya kwangu."

Nikachukua gilasi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nikatoa kufuli mfukoni. Na nilivyokuwa hivyo, chai huku, kufuli kule, nikasikia sauti ya Metwalli nyuma yangu.

"Si nilikwambia, mhandisi? Mtazame anavyolinda."

Alikuwa amekuja na Mhandisi Wagdi, suruali imekunjwa hadi magotini kuogopa tope. Na nyuma yao, amejitanda nguo yake nyeusi, alikuwa Galila.

Galila wangu. Amekonda. Nilitaka kumwambia amekonda.

"Bwana Uweis," mhandisi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, "niliambiwa mkiani kuna pampu. Nikasema haiwezekani, Uweis yupo. Hiyo pale ni nini?"

"Ni pampu."

"Ulikuwa unaijua?"

Nikafungua mdomo niseme nimeiona sasa hivi. Mama Rawya akanitangulia.

"Anaijua. Ndiye aliyeniruhusu."

Nilielewa haraka. Aliyeiba anafungiwa msimu mzima. Aliyeruhusiwa na mlinzi hana kosa, kosa ni la mlinzi. Nilimtazama. Hakunitazama. Alikuwa ameshika birika, anakikandamiza kifuniko kwa kidole gumba.

"Ni kweli, Uweis?" mhandisi akauliza.

Ningesema hapana. Ndiyo haki yangu, na ndiyo ukweli. Halafu ningetembea hatua chache nikafunge lango la mwisho, nyanya zikauke juani, na kesho nipite hapa nikiwa najisalimia mwenyewe hadi Ezbet Zanati.

Tena nikaona jambo la ajabu. Nikisema ndiyo, nitakuwa mwizi kama wao. Na mwizi mwenzao wanamsalimia.

"Ni kweli," nikasema. "Nilimruhusu mimi."

Metwalli akapiga makofi. "Haa! Mzee wa msumeno!" Hakuwa na chuki tena, mbaya wangu yule, alikuwa anacheka kama tunavyocheka ndugu. Mhandisi akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa funguo. Nilidhani zitaniuma kuzitoa. Hazikuniuma hata kidogo.

"Mwongo!"

Ilikuwa sauti ya Galila.

Akapita katikati ya wanaume wawili, akakanyaga tope na viatu vyake. "Mhandisi, rudisha hizo funguo. Huyu mtu anaongopa. Mimi ni mkewe, mimi ndiye ninayemjua. Mama yake mzazi alimwomba maji ya bamia siku isiyo ya zamu yake, akamwambia, 'Mama, subiri Jumatatu.' Mama yake! Mimi nimeiacha nyumba yangu nimeenda kulala kwa kaka yangu kama mtoto yatima, hakunifungulia hata tundu la sindano. Huyu hajawahi kumruhusu mtu! Huyu hata..."

Niliona wazo linamjia. Nyinyi mliooa mnajua, unaliona linavyomjia mke wako usoni, na huna pa kukimbilia. Akaitazama gilasi mkononi mwangu. Akamtazama Mama Rawya na birika lake. Akakitazama kivuli cha kibanda, mahali ambapo nyasi zimelala kwa mtu kukaa kila siku.

"Mama yake alimkatalia," akasema polepole. "Mimi alinikatalia. Basi huyu kampendea nini?"

"Galila, sikiliza..."

"Unakuja hapa kila siku, Uweis?"

"Kila siku."

"Kufanya nini?"

Kuna nyakati ukweli ni kitu cha aibu kuliko uongo. Ningesema nakuja kukagua. Ningesema chochote. Lakini nilikuwa nimeshasema uongo mmoja siku hiyo, na sikuwa na mwingine.

"Nilikuwa nakuja kusalimiwa," nikasema.

Metwalli akacheka mpaka akajishika tumbo. Mhandisi akainama kuangalia viatu vyake. Galila hakucheka. Nadhani kati ya wote pale ni yeye peke yake aliyeniamini, na ndicho kilichomuumiza.

Akamgeukia Mama Rawya. Akazungumza kwa ile sauti ya chini ninayoiogopa kuliko kelele zake.

"Dada yangu, sina ugomvi na wewe. Pampu si yangu, nyanya si zangu. Leo nilikuwa narudi nyumbani kwangu, nilikuwa nimeshajisemea yaishe. Niambie kweli mbele ya Mungu. Nimchukue mume wangu twende, au nikuachie?"

Swali rahisi. Jibu lake ni moja, hata mtoto analijua. Mchukue, mama, mume ni wako, mimi wa nini? Nilikuwa nimeshalisikia kichwani kabla halijasemwa.

Mama Rawya akaliweka birika chini. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu wafike. Na akachelewa kujibu, na kule kuchelewa ndilo jibu aliloondoka nalo Galila.